Masahihisho, Ukurasa wa Kumi na Nne

“Wewe si ndiye unayesoma kabla hawajachapa? Haya, na hii uliisoma?”

Mwajabu hakupaza sauti. Alisimama uani na gazeti mkononi, nyuma yake ndoo imefurika bombani na yeye hana habari nayo. Adelina akanyoosha mkono, akafunga bomba kwanza. Alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba hiyo ya Mtoni kwa miaka sita, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mama mwenye nyumba wake akiacha maji yamwagike.

Akalipokea gazeti. Ukurasa wa kwanza wa Mwangwi wa Jiji, herufi nyekundu: MAMA AMWEKA BINTIYE NDANI WIKI TATU. Chini yake, picha ya mlango. Mlango wa kijani, wavu wa dirisha umechanika pembeni, ndala tatu kizingitini. Mbili kati ya hizo zilikuwa za Adelina.

“Huwa sisomi zote,” akasema.

Alikuwa ameisoma. Jumanne, saa nane mchana, akiwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, huko Mabibo, ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani zile kurasa zinazochapwa kwa majaribio ili makosa yaondolewe kabla gazeti halijaenda mtamboni. Alianza ujanani, kiwandani, enzi za kupanga herufi za risasi kwa vidole, na fundi aliyemfundisha alimwachia mbinu moja. Weka rula chini ya mstari. Anza na neno la mwisho, rudi nyuma mpaka la kwanza. Ukisoma kwenda mbele, maana inakubeba, na jicho linaona neno linalolitarajia badala ya neno lililopo. Ukisoma kinyumenyume hakuna maana. Kuna herufi tu.

Kwa mbinu hiyo alikamata makosa ambayo wenye digrii waliyapita. Kwa mbinu hiyo vilevile aliweza kusoma ajali, mauaji na ndoa za wasanii siku nzima, jioni akarudi nyumbani akala ugali wake vizuri.

Habari ile haikuwa na jina la mtu. Ilimtaja “mama mmoja mkazi wa Mtoni” na “binti wa miaka kumi na minne ambaye jina lake tunalihifadhi kwa sababu za kimaadili”. Ilisema binti haruhusiwi kuona jua, anafunikwa kanga kichwani, anapakwa unga usiojulikana mwili mzima, na wanaume hawakaribishwi kuuliza. Kichwa cha habari kilizidi upana wa ukurasa. Gervas, mhariri, akaita kutoka mezani kwake, “Mama, nipunguzie nafasi tatu hapo.” Kiliandikwa BINTI YAKE. Adelina akakata, akaandika BINTIYE. Kikaenea.

“Ndiyo maana hatukuachii ustaafu,” Gervas akasema, na watu wakacheka, na yeye pia.

Ila alijua. Hata kinyumenyume alijua. Huo unga usiojulikana ni liwa, aliisikia harufu yake kila jioni ikitoka chumba cha pili. Kwao Ndanda, akiwa na miaka kumi na mitatu, yeye mwenyewe aliwekwa ndani akafundwa, akatolewa kwa ngoma, na padri akaja akala pilau. Farida, mtoto wa Mwajabu, alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba, hana shule mpaka Januari, na mama yake akaona huo ndio wakati wa kumweka ndani kama mwali yeyote wa Kizaramo. Zamani ilikuwa miezi. Siku hizi ni wiki tatu, na mwali mwenyewe anajisomea vitabu vya hadithi chini ya kanga.

Basi Adelina akachora alama ya kuuliza kwa penseli pembeni ya neno NDANI. Gervas akaiona.

“Hii ya nini? Tahajia?”

“Hapana. Tahajia ni sahihi.”

“Basi.”

Angeweza kusema. Sentensi moja ilitosha. Lakini mwaka uliotangulia aliwahi kuuliza juu ya habari fulani ya mchungaji, akaambiwa mbele ya watu, mama, wewe ni herufi, habari tuachie sie. Na mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Akafuta alama yake kwa ufutio, akatia sahihi. Picha ya mlango iliwekwa baadaye, yeye akiwa ameshatoka.

*

Alhamisi akaja ofisa ustawi wa jamii na askari wa kike wa dawati la jinsia. Hawakuwa watu wabaya. Walibisha hodi, wakasema shikamooni, wakaeleza kwamba wameagizwa. Kisha wakamtoa Farida uani, mchana kweupe, kichwa wazi, ili waone kama ana majeraha. Majirani wote walikuwa ukutani. Mtoto akasimama juani na liwa usoni, amekunja mikono kifuani, akipepesa macho.

Hana jeraha. Ofisa akaandika hivyo. Lakini jalada, alisema, limefunguliwa kwa sababu ya gazeti, na hawezi kulifunga kwa maneno ya mama mzazi peke yake.

“Gazeti wenyewe wakisahihisha, mniletee nakala,” alisema. “Nafunga siku hiyohiyo. Wasiposahihisha, nitalazimika kumpeleka kwenye nyumba ya kuhifadhi watoto wakati tunachunguza. Sipendi, mama yangu, lakini ndio utaratibu.”

Kijiweni pale kona, waendesha bodaboda walikuwa wameshampa Mwajabu jina jipya. Mama Jela. “Mama Jela, leo umefunga wangapi?” Alipita na kapu lake la vitumbua bila kugeuka. Vitumbua vilirudi nusu.

Bi Salma, kungwi aliyemfunda Farida, akatuma salamu kwamba Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya kumtoa mwali, yeye asihesabiwe. Hachezi ngoma kwenye nyumba iliyoingia polisi. Na mwali aliyeonwa na watu kabla ya siku yake atatolewa kutoka wapi, aliuliza, wakati ameshatoka?

“Sikia, Mama Cyprian,” Mwajabu alisema usiku huo wakiwa wanachambua mchele. Alipenda kumwita kwa jina la mwanawe mkubwa. “Mie sitaki pesa yao, sitaki kesi. Nataka waandike kwamba nilimweka ndani, sikumfunga. Basi. Mistari miwili. Wewe umo mle. Unawajua.”

“Nitaongea nao.”

“Usiongee nao. Waambie.”

*

Projestus, aliyeandika habari ile, alikuwa kijana mpole wa Karagwe, ana mwaka mmoja mjini. Adelina alimkuta Ijumaa asubuhi akipasha chai.

“Projestus, mwanangu. Hii habari uliipata wapi?”

“Kwa bodaboda, Mama. Waliniambia pale pana binti kawekwa ndani kwa wiki tatu.”

“Na wewe ukaelewa nini?”

“Kawekwa ndani, Mama. Amefungiwa.” Akamwangalia kama anayeulizwa rangi ya maziwa. “Kwetu mtu akiwekwa ndani, yuko mahabusu.”

“Huku ni mwali. Msichana anafundwa mambo ya ukubwa. Hukubisha hodi ukauliza?”

“Nilibisha. Akatoka bibi mmoja akaniambia mwanaume haruhusiwi kuingia humu, nenda zako.” Projestus akashusha kikombe. “Ndipo nikaona ni kweli.”

Aliposema hivyo Adelina alitaka kucheka, na hakucheka. Akaenda kwa Gervas.

Ukutani nyuma ya kiti cha Gervas palikuwa na kanuni za maadili, zimewekewa fremu na kioo. Adelina ndiye aliyezisoma prufu zake miaka minne nyuma. Alisahihisha makosa saba.

“Namba tano,” akasema. “Ukikosea, unasahihisha haraka, mahali palepale pa kosa, kwa uzito uleule.”

“Naijua namba tano, Mama.”

“Ilikuwa ukurasa wa kwanza.”

“Ukurasa wa kwanza ndio unaouza gazeti. Masahihisho hayauzi.” Gervas hakuwa na hasira. Alikuwa anajibu meseji huku akizungumza. “Na hatukumtaja mtu. Hata baraza la habari likituita leo, tutauliza, aliyelalamika ni nani? Hakuna jina. Tulihifadhi jina. Maadili si ndiyo hayo?”

“Mlipiga picha mlango.”

“Mlango hauna jina.”

“Mtaani kwetu una jina.”

Hapo akainua macho. “Kwenu? Wewe unakaa pale?”

“Chumba cha tatu.”

Gervas akaweka simu chini. Alikuwa na akili, hilo hakuna aliyemnyima. Mtu anayekaa nyumba hiyohiyo na aliyesoma prufu hiyohiyo ni tatizo la aina nyingine kabisa, na tatizo hilo lingeweza kumgeukia yeye au kumgeukia Adelina, kutegemea nani anaandika barua kwanza.

“Na ulisoma ukatia sahihi,” akasema taratibu.

“Nilitia.”

“Basi tusisumbuane. Jaza fomu ya malalamiko kwa niaba yao. Nitatoa maneno arobaini, toleo la Jumatano ijayo, ukurasa wa kumi na nne. Mama yako mwenye nyumba apate karatasi yake ya kumpelekea ofisa. Sawa?”

Adelina alijua kwamba kumi na nne si kwanza. Alijua vilevile kwamba ofisa aliomba nakala, hakuomba ukurasa.

“Sawa,” akasema.

Fomu ilikuwa ya visanduku. Jina la mlalamikaji. Jina la mwathirika. Umri. Elimu. Maelezo ya kosa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: kwa matumizi ya ofisi pekee. Alijaza kwa mwandiko wake wa shule ya masista, herufi kubwa, jina kwa ukamilifu wake, la mtoto, la baba, la ukoo. Kwenye maelezo akaandika yote, kwamba mtoto amepevuka, amewekwa mwali, ni mila, hakuna aliyefungwa. Akabana karatasi nyingine juu yake, rasimu ya masahihisho aliyoiandika mwenyewe, maneno thelathini na nane, haina jina la mtu. Akaviweka mezani kwa Gervas.

Jioni alimwambia Mwajabu, “Wamekubali.”

Mwajabu alikuwa akikoroga unga wa vitumbua. Hakusema ahsante. Alimkatia kipande kikubwa cha nazi, akampa, akaendelea kukoroga. Adelina akaketi kwenye kigoda akaitafuna nazi ile, na kila alipotafuna alisikia neno BINTIYE likipita kati ya meno yake. Angeweza kusema siku hiyo pia. Akasema nazi hii tamu, imetoka wapi.

*

Jumanne umeme ulikatika saa tano mpaka saa tisa. Kurasa zikatoka zote kwa mpigo, kumi na sita, moto kutoka kwenye printa, na pikipiki ya kiwandani ikiwa imeshafika chini.

“Mama, dakika kumi na tano,” Gervas akasema.

Adelina akaweka rula.

Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa wa matokeo ya mpira, tangazo la dawa ya mende, na katikati yao kisanduku kidogo chenye kichwa MASAHIHISHO. Kipo. Gervas alisema na amefanya. Akashusha rula mpaka mstari wa mwisho wa kisanduku, akaanza kurudi.

Uliojitokeza. Wowote. Usumbufu. Kwa. Radhi. Tunaomba. Lake. Kabila. Ya. Mila. Kwa.

Herufi zote zipo. Akapandisha rula.

Kupevuka. Baada. Ya. Hapana, hapa wameandika *ya baada*. Akazungusha mstari, akageuza maneno mawili yakae panapostahili. Mwali. Amewekwa. Bali. Hakufungiwa. Saba. La. Darasa. Wa. Mhitimu. Mabano, kumi na nne, mabano. Kondo. Mudathir. Farda.

Akasimama hapo. Farda. Wamekula herufi. Alihisi uchungu mdogo wa kweli, kama mama anayeona mtoto wa mwenzake kavalishwa shati lisilo na kifungo. Jina la mtu halikosewi. Unaweza kukosea bei ya sukari, unaweza kukosea tarehe, jina la mtu halikosewi. Akachora alama kati ya r na d, akaandika i pembeni, kubwa, nyekundu, akaizungushia duara ili msanifu wa kurasa asiseme hakuiona. Akaenda kungoja nyuma ya kiti cha msanifu mpaka herufi ilipoingia.

“Umeona, imeingia,” msanifu akasema. “Kuna lingine?”

Alitaka kuisoma tena kwa kwenda mbele, asikie inavyosikika masikioni mwa Mwajabu. Pikipiki ikapiga honi. Zilibaki kurasa mbili.

“Hakuna,” akasema, akatia sahihi.

Projestus alikuwa mlangoni akivaa koti. “Mama, nimeiandika mimi mwenyewe,” akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi ya ziada bila kuombwa. “Rasimu yako bosi alisema haieleweki ni ya nani. Nikachukua kwenye fomu. Chuoni walitufundisha, masahihisho lazima yawe mahususi.”

“Umefanya vizuri,” Adelina akamjibu, akiwa ameshashusha rula kwenye ukurasa wa kumi na tano.

*

Jumatano saa tatu asubuhi Bi Salma alikuja. Aliletwa na Mwajabu mwenyewe, aliyekwenda kumpigia magoti mpaka Mbagala, na sharti lake lilikuwa moja: nisomewe, nisikie kwa masikio yangu. Akaketi mkekani uani, ameegemea ukuta, mkoba mapajani. Wanawake wawili wa nyumba ya jirani wakajisogeza kwa kisingizio cha kuazima kinu.

Adelina alikuwa amechelewa kwenda kazini kwa makusudi. Alisimama kwenye mlango wa chumba chake. Yeye ndiye aliyenunua gazeti, nakala mbili, moja ya ofisa ustawi, na alizileta zimekunjwa vilevile kama alivyopewa na muuzaji.

“Nani anasoma?” Bi Salma akauliza.

“Mwenyewe,” Mwajabu akasema. “Shuleni kwao alikuwa wa pili kwa kusoma. Farida, njoo. Vaa ushungi wako vizuri. Msalimie Bi Salma.”

Farida akatoka, akapiga goti, akatoa shikamoo. Akaketi mkekani, akafungua ukurasa wa kumi na nne, akatafuta kwa kidole. Akaanza kwa sauti ya darasani, ile ya kusimama mbele ya wakaguzi, kila neno na mahali pake.

“‘Masahihisho. Katika toleo letu lililopita tuliandika kuwa mama mmoja mkazi wa Mtoni amemweka bintiye ndani.’”

“Enhe,” Mwajabu akasema.

“‘Tunapenda kufafanua kuwa binti huyo, Farida Mudathir Kondo, miaka kumi na minne, mhitimu wa darasa la saba, hakufungiwa, bali amewekwa mwali baada ya kupevuka, kwa mila ya kabila lake. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.’”

Akatua kwenye nukta, kama alivyofundishwa.

Mmoja wa wanawake wa kinu akaangalia chini. Bi Salma alikuwa akitafuta kiatu chake kwa unyayo, bila kukitazama, na mguu ulikipita mara mbili. Mwajabu alibaki ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayengoja sentensi nyingine, ambayo ingekuja baada ya hiyo na kuifuta.

“Wote wanaonunua wanasoma na hii?” hatimaye aliuliza. Hakumwuliza mtu.

Adelina alijaribu kusema kwamba haikuwa rasimu yake. Ilikuwa kweli. Mdomo ulifunguka, na kilichokuwa mbele ya macho yake ni herufi moja, nyekundu, ndani ya duara.

“Wamelipatia,” Farida akasema. Alikuwa bado anaangalia ukurasa, kidole chake juu ya mstari. “Kwenye cheti cha mahudhurio mwalimu aliandika Farda, Mama Cyprian, unakumbuka? Hawa wamelipatia.”

“Nipe hilo gazeti,” mama yake akasema.

Nje, kwenye barabara ya vumbi, pikipiki ilipunguza mwendo ikasimama. Kicheko kikapita juu ya ukuta, cha watu watatu au wanne. Halafu sauti ya kiume, polepole, kama mtu anayesoma, ikaita majina yote matatu, moja baada ya jingine.

“Abee,” Farida akaitika, kwa adabu, kama alivyofundwa, akainuka.